Koti la Lazarus

Mchana mmoja wa mwaka 1964, huko Adungosi, Atyang alichovya kidole katika ajono, pombe ya wimbi, akakiweka mdomoni mwa mjukuu wake mchanga. Kwa Wateso, mtoto hutajiwa majina ya marehemu wa ukoo, na lile atakalolinyonya ndilo lake.

"Lazarus," Atyang akaita.

Lilikuwa jina la shujaa wao, aliyepinga watu kupelekwa kwa nguvu kuvunja mawe ya reli, akafia jela. Kesho yake jiwe lake la ukumbusho lingezinduliwa sokoni Malaba.

Mtoto akafunga mdomo. Hata maziwa alikuwa ameyakataa tangu jana.

"Mama, huyu atanifia bila jina," akasema Anyait, mama wa mtoto.

Jua lilipotua, yule shujaa marehemu akaingia na koti lake, amelowa, ingawa hakukuwa na mvua. Watu wakasogea kumpa nafasi. Akapewa kiti na mrija, akavuta ajono.

"Imeiva vizuri," akasema. "Lakini mnaita mtu mwingine. Mimi ni Emojong."

Akaeleza kwamba siku ya mkutano wake wa kupinga kazi ile mvua ilimnyeshea, na Lazarus, kuli wa stesheni, akamvisha koti lake mwenyewe. Mke wa kuli alikuwa ameshona jina la mumewe kifuani kwa uzi mwekundu. Askari wakamkamata Emojong kwa jina hilo, akazikwa kwa jina hilo. Habari zilipofika nyumbani, ukoo ukadhani amebatizwa jela, ukaacha jina la zamani kwa heshima.

"Si ungewaambia askari, mzee?" akauliza Anyait.

"Wangemfuata yule kuli. Alikuwa na watoto wadogo."

Atyang akachovya kidole tena. "Emojong."

Mtoto akanyonya kidole, kisha akanyonya ziwa la mama yake mpaka akalala. Atyang akalianika koti karibu na moto. Halikukauka, lakini lilipata joto kidogo, na yule mzee akashukuru.

Asubuhi walienda Malaba wote. Atyang akamweleza afisa aliyekuja kuzindua.

"Nakuelewa, mama," akasema afisa kwa upole. "Lakini jiwe limeshachongwa."

Akamtafutia kiti kivulini. Kitambaa kikavutwa, umati ukaimba Lazarus. Emojong alipiga makofi pamoja na wengine, maji yakimchuruzika mikononi. Mtoto hakushtuka.

Atyang akaita polepole, "Emojong."

Wakageuka wote wawili.