Mshamu Juu ya Mkoko

Mume wangu Mshamu ni mbishi, na ubishi wake nusura uniulie mtoto. Nasema kweli, asinikasirikie mtu.

Idi pili tulitoka Bungu kwenda kupunga upepo kwenye kisiwa kidogo cha hifadhi, huko delta: mie, yeye na Sabra wetu wa miaka sita. Boti ilitushusha asubuhi, ikarudi kuchukua wageni wengine. Mlinzi wa kisiwa, Bwana Abdulazizi, akatuonya mapema: "Leo bamvua, maji ya bahari yanajaa mbio. Yakianza, msiwe kule kwenye fungu la mchanga."

Mshamu akacheka. "Mie nimezaliwa bondeni, kaka. Maji unanifundisha mie?" Akamshika Sabra mkono, wakavuka lile fungu, kavu kabisa, kwenda kuangalia kaa kwenye mikoko ya ng'ambo. Mie nikabaki naandaa pilau.

Pilau haijapoa, nikasikia filimbi ya Abdulazizi. Kuinua macho, fungu halipo! Maji matupu, na kule ng'ambo mume wangu yuko juu ya mkoko, mtoto kampakata.

"Shukeni! Bado ya magotini!" Abdulazizi alipaza sauti, kisha akaingia mwenyewe majini kuwafuata. Nikamshukuru Mungu. Kumbe nimewahi mno. Alirudi mikono mitupu, anahema.

"Mama, mumeo kakataa kunipa mtoto. Ati anangoja yapungue."

Nilimwelewa. Kwetu mto ukifurika huyakanyagi maji. Unapanda dunguni, kile kibanda cha juu ya nguzo shambani, unakaa na watoto wako na unga wako, unangoja. Maji ya mto hupanda taratibu, na ndani yake mna mamba. Zawadi, dada yake Mshamu, alichukuliwa na mamba akivuka maji ya kiunoni, na Mshamu aliona kwa macho yake.

"Huo mti utafunikwa?" nikauliza.

"Mpaka kwenye majani. Boti nimeipigia simu, lakini iko mbali."

Kuogelea sijui. Nikajifunga kanga kibwebwe, nikaingia. Kila kilichonigusa mguu nilidhani mamba: mzizi, jani, hata mchanga ukisogea. Nililia kwa sauti, bila haya.

"Baba Sabra! Nipe mwanangu!"

"Rudi, Mwanamina! Utaliwa!"

"Niliwe mie basi! Mlete!"

Meno yalikuwa yanamgongana. Wallahi sijapata kumwona hivyo, yeye anayelala peke yake shambani akifukuza nguruwe kwenye mpunga. Alimng'ang'ania mtoto mpaka nikambandua kidole kimoja kimoja. Nikampandisha Sabra mabegani.

"Shuka nawe, nishike kanga."

Akatikisa kichwa, akaukumbatia mti.

Wakati wa kurudi maji yalinifika kifuani, kisha kidevuni. Sabra alikuwa amenishika nywele, anaita Mama, Mama, nami siwezi kumjibu kwa kuogopa kumeza maji. Abdulazizi alitupokea katikati, akatuvuta hadi nchi kavu. Nikageuka. Mshamu alikuwa palepale. Nikampigia kelele hadi sauti ikanikauka, na maji yakazidi kupanda.

Boti ilipomfikia, alikuwa kwenye matawi ya mwisho, maji yamemfika mapajani. Vijana wa boti walimshusha kwa kumbembeleza. Alipoletwa kwetu nilikuwa nimeshamwandalia matusi yote ninayoyajua. Nikaona midomo yake inavyotetemeka, nikayameza.

Alichuchumaa mchangani, akanyoosha mikono. "Sabra, njoo kwa baba."

Sabra akazunguka nyuma yangu, akaishika kanga yangu iliyolowa kwa mikono miwili.

"Mama," akaninong'oneza, ila Mshamu alisikia, "kwenye boti tupande sisi wawili tu."