Ziwa la Ukubwa wa Ukucha

Mchora ramani alilijua ziwa lile kwa miaka kumi na mmoja bila kulitia machoni. Kwenye karatasi za ofisini kwake lilikuwa na ukubwa wa ukucha wa kidole cha mwisho, limekaa juu mlimani, mita elfu nne na ushee, limezungukwa na mistari ya mwinuko iliyobanana kama nyuzi za kitambaa. Karatasi ile ilipochakaa, yeye ndiye aliyeichora upya. Kila mkono wake ulipofika ziwani, ulipunguza mwendo wenyewe.

Kupanda alikatazwa. Alizaliwa na selimundu, ugonjwa wa damu, na daktari alimweleza mapema bila kuzunguka: huko juu hewa ni nyepesi, damu yake haitavumilia. Milima aitazame kwa mbali. Akaitazama kwa mbali mpaka akazoea, au alidhani amezoea.

Jumamosi moja mchana, mdogo wake alifika nyumbani na mchumba wake. Mdogo huyo mama yao alimbandika jina la Kiherehere tangu alipoanza kutembea, na jina likamganda. Mchumba alikuwa fundi umeme, mpole, mwenye shingo ndefu, mtu wa kuomba ruhusa kabla ya kuvuta kiti.

"Dada, kaa kwanza," alisema Kiherehere, ingawa dada alikuwa amekwisha kaa. "Tunakwenda ziwani. Lile ziwa lako!"

Lako. Neno lilimwingia kama mwiba chini ya ukucha. Akatabasamu hata hivyo, akaondoa vikombe mezani, akatandaza ramani.

"Ijumaa asubuhi tunaondoka," Kiherehere alisema, kidole chake kikipanda mlima kwa sekunde tatu. "Usiku tunalala kibanda cha pili. Jumamosi ziwani, picha mbili tatu, tunashuka. Jumapili mchana niko hapa, nakula."

Mlimani kulikuwa na vibanda viwili vya wasafiri: cha kwanza pale msitu unapoishia, cha pili karibu kabisa na ziwa. Fundi umeme aliinama juu ya karatasi.

"Dada, wewe ndiye unayejua. Tukipanda moja kwa moja mpaka cha pili, hakuna neno?"

Neno lilikuwepo, na kubwa. Anayetoka bondeni hulala kwanza kibanda cha chini, mwili uizoee hewa. Asipofanya hivyo kichwa humpasuka, hutapika, na wapo walioshushwa kwa machela. Alikuwa amesoma kila kitu kilichoandikwa juu ya mlima ule, kama mtu asomavyo barua za mchumba wa mwenzake. Lakini alimtazama mdogo wake, miguu yake imara iliyotupwa kizembe chini ya meza, miguu isiyowahi kumnyima usingizi hata siku moja. Akamwona akitapika mlangoni mwa kibanda. Akamwona akigeuza njia, hajaliona ziwa. Picha ile ilikuwa tamu.

"Mna miguu mizuri," alisema. "Hakuna neno."

Wiki nzima utamu ule ulimgeukia. Mama alikuwa akimsifu Kiherehere kwa majirani kana kwamba mlima umekwisha kupandwa. Kiherehere naye alikuwa akiingia chumbani kwa dada bila kubisha, anajaribu majaketi mbele ya kioo, anauliza, "Hili linanipendeza?" Kila mara dada alijibu linampendeza, na kweli lilimpendeza, na hilo ndilo lililomuuma. Mwenye roho ya kwa nini hana dawa ya kumeza. Usiku ule wa safari watakuwa wawili tu kibandani, alijiambia, watu wazima. Kichwa kikiwauma watashuka. Hakuna anayekufa kwa kichwa. Alijua anajidanganya.

Alhamisi maumivu ya selimundu yalimwanza ofisini. Alirudi nyumbani mapema, akalala, miguu inafukuta kutoka ndani ya mifupa. Kiherehere aliuacha mkoba wa safari nusu umefungwa, akaleta maji ya moto na taulo. Alikuwa akifanya hivyo tangu ana miaka saba. Alikaa kitandani, akaanza kumkanda bila kuambiwa wapi.

"Nimewatambia wenzangu kazini," alisema. "Nimewaambia wengine wanakodi mtu wa kuwaonyesha njia, mimi nina dada. Akisema twende, naenda nimefumba macho."

"Usiende umefumba macho."

"Kwa nini?"

"Msilale kibanda cha pili usiku wa kwanza. Mtaumwa. Mnaweza kuumwa vibaya."

Mikono ilisimama. "Nani kakwambia?"

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla hamjaniuliza."

Maji yalipoa kwenye beseni.

"Nimekufanya nini, Dada?"

"Hujanifanya kitu. Utaliona ziwa. Ndiyo hivyo tu. Wewe utaliona, na hata hukuwahi kulitaka."

Kiherehere alichovya taulo, akalikamua, akaumaliza mguu wa pili. Kisha akatoka, na dada alimsikia barazani akimpigia mchumba wake: "Kesho tunalala kibanda cha kwanza. Omba ruhusa ya Jumatatu. Usiniulize."

Walirudi Jumatatu jioni, pua zimebabuka kwa jua. Fundi umeme alikuwa amekonda kwa siku nne.

"Dada, mimi nimetapika hapo hapo kibanda cha kwanza!" alicheka, akimshika mkono kwa mikono yote miwili. "Tungefika cha pili siku ile, ningerudi ndani ya gunia. Umeniokoa."

Mchora ramani alimtazama mdogo wake. Kiherehere alikuwa akifungua kamba za viatu, kichwa chini. Hakuwa amemwambia mchumba wake kwamba dada alijua tangu mwanzo.

Wiki tatu zilipita, na Kiherehere hakulitaja ziwa mbele ya dada yake. Kwa mama alisimulia, kwa majirani alitia chumvi mpaka mlima ukaota barafu usiyokuwa nayo. Dada akiingia, hadithi ilikatika. Mwisho dada alimfuata jikoni, akasimama mlangoni.

"Nisimulie."

"Utaumia."

"Nitaumia. Nisimulie."

Kiherehere alizima jiko, akajifuta mikono. "Lilikuwa limefunikwa na ukungu," alianza polepole. "Tulidhani tumekosa. Halafu upepo ukaja, na maji yalikuwa meusi, Dada, si ya bluu. Meusi kabisa, yametulia. Nikaogopa kusema kwa sauti."

Wivu ulimpanda dada, uleule, haujapungua hata kidogo. Akavuta kigoda, akakaa.

"Ulisimama upande gani?" aliuliza.