Salamu za Mrija

Kazi ya Mrija pale maabara ilikuwa kuvuta inzi weupe kwa mdomo, na ndiyo maana wenzake walimpa jina hilo. Aliingiza bomba jembamba kwenye kizimba cha mihogo yenye ugonjwa wa batobato, akavuta pumzi kidogo, kisha akawapulizia wadudu kwenye miche mizima. Kitambaa cha wavu ndani ya bomba kiliwazuia wasimfike kooni. Asubuhi moja alikifua kitambaa, akakianika, akasahau kukirudisha. Alipovuta, aliwameza inzi wote, akashushia maji.

Alasiri, kila mche aliousemesha ulikuwa na mabaka ya njano.

Meneja alimpima mate. "Kirusi cha batobato hakina miguu," alisema, jicho likiwa kwenye hadubini. "Kinabebwa. Ganda lake la protini likikubaliwa na utumbo wa inzi, kinapenya mpaka kwenye mate. Likikataliwa, kinatoka na choo. Wewe utumbo wako umelikubali, dada."

"Nitapona?"

"Huumwi. Inzi naye haumwi."

Kampuni ilikuwa na ghala zima la mbegu za muhogo zinazostahimili batobato, na hazikununuliwa, maana wakulima walikata vipando mashambani mwao wenyewe. Basi Mrija akapandishwa cheo. Akapewa gari na dereva, akawa anazunguka kuwasalimia wakulima. Aliuliza hali, majani yakajikunja, na baadaye lori la mbegu likapita. "Dada wa salamu keshapita," waliambiana, wakaenda kupanga foleni.

Roho ilimuuma, tena sana. Lakini meneja alisema mfanyakazi asiyesalimia watu hana adabu, na asiye na adabu hana kazi.

Siku moja gari lilikata kona kuelekea kwa mama yake. Mama alilima muhogo mtamu ambao mbegu yake alirithi kwa mama yake mzazi, na haikuwepo penginepo. Alikuwa akipalilia. Alinyoosha mgongo, akamwona bintiye kasimama ukingoni, kaziba mdomo kwa kiganja.

"Mwanangu! Mbona unasimama kama mgeni?"

Mrija alitikisa kichwa.

"Nimekukosea nini hata huniamkii?" Machozi yalimlenga mama. Jembe lilimponyoka.

Mrija alivumilia mpaka akashindwa. Akashusha kiganja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu, marahaba!" Mama alimkumbatia kwa furaha, akiwa amelipa shamba mgongo.

Dereva alimpigia meneja simu, akamwambia lori linaweza kuja.