Kidude cha Kiunoni

Nesi Walburga alipochomeka kile kidude kwenye kompyuta, nilinyoosha shingo nione. Kliniki walinipa nikivae kiunoni wiki nzima, kinipime mwendo, maana sisi wenye kisukari walitaka kujua huko nyumbani tunajishughulisha kiasi gani.

Binti yangu Lukresia alikaa pembeni. Tulishakubaliana: kikionyesha nafanya kazi, nabaki Mpitimbi na shamba langu. Kikionyesha nakaa tu, nahamia kwake mjini Majengo, shamba linakodishwa.

"Bibi," nesi akasema, "mbona mstari umelala? Umeinuka Jumapili tu."

Lukresia akapiga makofi. "Si nilisema! Mama anatembea kwenda kanisani, basi. Mahindi wanapalilia vibarua."

"Vibarua gani, we mtoto? Uliyokula ukakua alilima nani?"

"Siku nyingine ulikivaa, Bibi?" nesi akauliza.

"Nikivae shambani? Si nilikiviringisha kwenye kitenge kipya, nikakiweka sandukuni! Kitu cha watu kile. Kikiingia matope nitajibu nini? Jumapili nikakivaa, maana nimependeza."

Nesi alicheka mpaka akashika meza. "Kichafue, Bibi! Ukivue kulala na kuoga tu. Nakupa wiki nyingine."

Weh! Wiki ile kunakucha tu, kidude kiunoni. Tukapalilia, tukateka maji, tukapanda kilima na kuni. Nikipumzika nakipapasa: "Upo? Haya, twende." Jumamosi jirani yangu Osmund akamwoza binti yake, ngoma ya lizombe ikapigwa, nikaingia katikati. Watu wakasema bibi kapagawa. Waache waseme.

Siku ya majibu hata benchi lilinishinda kukalia. Nesi akakifuta udongo, akachomeka. Mistari ikasimama kama milima ya Matogoro! Huu, na huu, na huu!

"Yesu na Maria!" Lukresia akasogea. "Na huu mrefu kuliko yote?"

"Lizombe hilo," nikamjibu.

Nesi akamgeukia. "Dada, mwache mama na jembe lake. Dawa ameze, kliniki aje. Mwendo anao."

Lukresia akanitazama, akacheka mwenyewe. "Haya, Mama, umeshinda. Shamba lako."

Nilitaka kupiga vigelegele mle mle ndani. Nikamuuliza nesi, "Mwanangu, kidude kingine kipo? Mfunge na huyu, anashinda kwenye kiti cha duka lake."

"Mama!"

Sikungoja jibu. Mimi huyo, stendi. Magugu ya Mpitimbi hayajui kusubiri.