Mkalimani wa Kangemi

Jumapili moja mwaka 1956, Zedekiah, mwalimu wa dini, alipanda mimbarani. Tangu kanisa la Kangemi lijengwe, wahubiri walikuwa Wazungu watupu. Yeye ndiye Mwafrika wa kwanza kuhubiri pale.

"Ndugu zangu, Mungu ni mwema!" akasema kwa Kiswahili.

Watu walimtazama tu, wakingoja tafsiri. Ndipo Mzee Thuo, aliyewatafsiria Wazungu kwa Kiswahili miaka yote, akainuka kwa mazoea, akasimama kando yake na kunguruma, "Ndugu zangu, Mungu ni mwema!"

"Amina!" kanisa zima likaitikia.

Zedekiah akamnong'oneza, "Mzee, mimi nasema Kiswahili. Tafadhali keti."

"Mzee, mimi nasema Kiswahili!" Thuo akawatangazia watu. "Tafadhali keti!"

"Amina!" Wazee waliosimama nyuma wakaketi.

Zedekiah akauma midomo, lakini kicheko kikamponyoka. Thuo akakitafsiri hicho nacho, kwa sauti nene zaidi, na kanisa likavunjika mbavu. Wawili hao wakahubiri pamoja mpaka mwisho.

Mlangoni, Mama Wamucii alimpa Zedekiah mkono. "Umehubiri vizuri, mwalimu," akamwambia. "Ila ya Thuo yameniingia zaidi."