Vivuli Vilivyobaki Zizini

Kila asubuhi, kabla ng'ombe hawajaanza kuingia mnadani, mtangazaji wa soko alifuta kipaza sauti kwa kipande cha kanga kuukuu ya mkewe, akangoja simu. Masoko ya mifugo ya ukanda mzima yalipigiana: lipi liko wazi, barabara gani imeharibika, wapi pana maradhi. Kisha kila mtangazaji aliwaeleza wafugaji wake, nao wakaamua wauze palepale au waendelee na safari.

Asubuhi hiyo ng'ambo ya mpaka walisema soko liko wazi na wanunuzi wamejaa. Shemeji yake, mchuuzi wa ng'ombe, alikuwa amesimama mlangoni akichokonoa meno. Akanyoosha kidole kimoja. Mtangazaji akatangaza kwamba ng'ambo kumefungwa, kuna ugonjwa wa miguu na midomo.

Wa kwanza kufika dirishani alikuwa mjomba wake, aliyemlea, na dume lake la mwisho.

"Kumefungwa kweli?"

"Kweli, Mjomba."

"Basi. Wewe ukisema kumefungwa, kumefungwa. Macho ya mkaza mjomba wako hayawezi kungoja."

Akamuuzia shemeji kwa bei ya kutupa. Lori la shemeji lilipoondoka nalo kuelekea ng'ambo, kivuli cha dume kilibaki zizini, kimesimama, kikifukuza nzi kwa mkia. Hakikuwa cha kwanza. Vivuli vya siku kama hizo vilishajaza upande mmoja wa zizi. Mfagiaji alivizunguka na ufagio wake, na muuza chai alihamishia benchi lake hapo kwa sababu ya ubaridi.

Ng'ambo walilalamika kwamba wanaletewa ng'ombe wasio na vivuli na wachinjaji wanauliza maswali. Waratibu wa masoko wakakutana, wakala biskuti, wakaafikiana kwamba kivuli si kiungo cha ng'ombe, kwa hiyo kukikosa kusizuie biashara. Daktari wa mifugo akaendelea kugonga mihuri.

Wiki iliyofuata mjomba alirudi na kamba. Akakitafuta kivuli chake, akakitambua kwa pembe iliyopinda, akakifunga shingoni. Kamba ikakaza.

"Hiki nakichukua," alisema dirishani. "Shemeji yako alinunua dume tu."

"Chukua, Mjomba. Mkaza mjomba anaendeleaje?"

"Jicho moja limetibiwa. La pili litangoja." Akashusha sauti. "Yule dereva wa lori ananiambia eti siku ile ng'ambo kulikuwa wazi. Nimemkaripia mbele za watu. Nikamwambia kijana wangu hawezi kunidanganya. Labda simu ilikuwa inakatakata."

Mtangazaji alitazama kucha zake. Uso ulimchoma kama aliyeinamia jiko.

"Ilikuwa inakatakata," akasema.

"Si nilisema?"

Mzee akashika njia ya getini, kivuli kikimfuata taratibu, watu wakikipisha. Simu ikalia. Ng'ambo kulikuwa wazi. Mlangoni, shemeji akanyoosha kidole.

Mtangazaji alifuta kipaza sauti, akakifuta tena, akatangaza.

Sauti ilimkuta mjomba getini. Alisimama akasikiliza mpaka mwisho, mkono mmoja juu ya mgongo wa kivuli. Kisha akawageukia wafugaji waliokuwa wakiingia na ng'ombe wao.

"Mmesikia? Kumefungwa. Uzeni hapahapa," aliwaambia. "Yule nimemlea mwenyewe. Hasemi uongo."