Maswali ya Chai

Ofisini kwao Pasiansi, ukishatuma swali kwenye kompyuta, unanyanyuka kwenda kunywa chai. Ndiyo ilikuwa desturi. Kanzidata ilibeba vipimo vya maji ya ziwa vya miaka mingi, saa kwa saa, na kila ulipoiuliza jambo ilivisoma vyote, ikijikokota. Kwa hiyo Modesta, mtunza takwimu, alizoea kuuliza wastani wa mwezi, basi. Nani ana roho ya kungoja mchana kutwa kwa ajili ya saa moja ya usiku mmoja?

Mazoea hayo ndiyo yaliyomponza. Samaki wa Mama Agutu, sato aliowafuga katika vizimba vya nyavu ziwani, walikufa kizimba kizima, na alipokuja kuuliza kama maji yalikuwa mabaya, Modesta alimpa wastani wa mwezi: maji mazuri, hewa ya kutosha. Mama akaondoka na jibu lake kichwani. Kama si maji, ni sumu. Na kama ni sumu, ni Shigela, jirani yake wa vizimba waliyekosana naye, maana samaki wake hawakufa hata mmoja. Leo mchana kikundi cha wafugaji kingekaa kumfukuza.

"Shikamoo, mama," Modesta alisema alipomwona mlangoni.

"Marahaba. Nipe yale majibu ya maji kwenye karatasi, nikawaonyeshe kikundini."

"Kaa kwanza. Nataka kuuliza tena."

Ooko, fundi wao wa kompyuta, alikuwa amemaliza kupanga upya vipimo vyote. Vya sehemu moja na saa zinazofuatana aliviweka pamoja, na mahesabu ya kila mara akayafanya mapema. "Kama sokoni Mkuyuni," alikuwa amemweleza. "Ukitaka dagaa unaenda upande wa dagaa, huzunguki soko zima." Modesta alikuwa ameitikia kwa adabu tu.

Sasa aligusa ramani ya ziwa kwenye skrini, na jibu likaja kabla hajaondoa kidole. Alidhani kompyuta imekosea. Akauliza siku, likaja. Akauliza saa, likaja. Akaburuta kidole juu ya usiku ule sato walipokufa, na ziwa likaanza kutembea.

Upepo ulisukuma maji ya juu kwenda mbali, na kutoka chini weusi ukapanda taratibu kama uji sufuriani, ukafunika kizimba cha Mama Agutu, ukaishia hatua chache kabla ya vile vya Shigela. Kulipokucha ulikuwa umeshazama. Modesta nywele zilimsimama. Alizaliwa ufukweni hapa, na tarakimu hizi alizishika kila siku, lakini hakuwahi kuliona ziwa likipumua.

"Mungu wangu," alisema. Machozi yalimlenga na hakuyaonea haya.

"Huo weusi ni nini?"

"Maji yasiyo na hewa, mama. Nilikwambia maji ni mazuri. Nilikosea, sikuuliza usiku."

Mama Agutu alisogeza kiti. "Rudisha." Modesta akarudisha. Walitazama mara nyingi, bila kuchoka, bila chai.

"Na sasa hivi je?"

Modesta aligusa. Upepo ulikuwa uleule. Weusi ulikuwa umeanza kunyanyuka tena, safari hii chini ya vizimba vya Shigela.

Mama Agutu alikwisha kutoa simu. Iliita sana kabla Shigela hajapokea.

"Ni mimi," Mama Agutu alisema. "Nilikusingizia, baba. Utanitukana baadaye. Vuta vizimba vyako uvihamishe sasa hivi, maji mabaya yanakuja kwako."